Hawakusimama kwa Ajili Yako

Mashineni,
Jumanne asubuhi

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, na ukiona weupe kwenye mikunjo ya karatasi hii usidhani ni poda. Ni unga. Naandikia juu ya gunia la mteja aliyeniachia mzigo wake akaenda sokoni. Sisi huku hatujambo. Mama ni mzima, ila goti lake la kushoto linamsumbua akipanda ngazi za zahanati. Ulimi wake haujapata ugonjwa wowote. Mimi nami sijambo, kikohozi kimekwisha tangu nilipoanza kujifunga kitambaa puani. Vipi wewe, wifi na watoto? Nimesikia yule mkubwa ameota meno ya mbele na sasa anamng'ata kila anayemsogelea. Mwambie shangazi yake anamsalimu na anamwelewa kabisa.

Ujumbe wako niliupata. Umenishukuru kwa mkutano wa Jumapili, ukasema hujawahi kuona watu wanaomheshimu mgombea namna ile, umati mzima umesimama tangu ulipoanza kusema mpaka uliposhuka jukwaani, viti vimebaki vitupu. Ukaniomba niwafikishie shukrani zako, na niwaweke sawa kwa ajili ya Jumamosi, siku ambayo wanachama wa tawi watamchagua mtu wa kusimama kwa niaba ya chama kwenye udiwani. Umesema kazi iliyobaki ni ndogo. Ningeweza kukupigia simu, lakini kwenye simu wewe hunikatiza, tena kwa upole, na huo upole ndio unaoniudhi zaidi. Barua haikatizwi. Basi kaa chini, soma mpaka mwisho, na jibu langu kuhusu Jumamosi utalikuta huko.

Nianze na kazi yenyewe, maana nahisi unadhani wale watu waliota kama uyoga baada ya mvua.

Ulipohamia mji mkuu, tawi letu lilikuwa chumba kimoja chenye bendera na kufuli. Marehemu Baba alilianzisha kwa jasho lake, na alipoondoka likawa linafunguliwa mwaka wa uchaguzi tu, kufagiwa popo na kufungwa tena. Ukatibu nilipewa kwa sababu hakuna mwingine aliyeutaka. Bwana Itifaki, katibu wetu wa wilaya (unajua tunavyomwita, na yeye anajua pia), akanifundisha jinsi chama kinavyozifikia jamii mbalimbali. Akasema kila jamii ina mzee wake. Unamwita yule mzee, unampa fulana na nauli, naye anakuletea watu wake. Watu wa machimboni wana mzee wao, wafugaji wana wao, na viziwi wa karakana wana msimamizi wao. Kumbe kupata watu ni rahisi kama kuagiza mkaa.

Nikafanya kama nilivyofundishwa, mara moja tu. Mzee wa wafugaji akagawa fulana kwa wajukuu zake wanaoosha magari. Mzee wa machimboni akaja peke yake na hotuba ndefu kuhusu umoja. Msimamizi wa karakana akasema mafundi wake wote wanatuunga mkono, na nilipouliza kama amewauliza wenyewe, akanitazama kana kwamba nimemtukania mtu wake.

Kazi ya kweli ilianzia hapa mashineni, na iliyoianzisha ni kukatika kwa umeme. Unaijua hii mashine. Ikinguruma hakuna anayemsikia jirani yake. Umeme ukikatika, foleni inabaki palepale kwa sababu hakuna anayetaka kupoteza nafasi yake, na midomo inafunguka. Siku moja mama mmoja wa machimboni akaniuliza mbele ya watu wote kama chama chetu kina ugonjwa wa kusahau. Kila uchaguzi kinakuja kwao kinawaita ndugu, alisema, na kikishapata kura kinawaita watu wa ng'ambo, ilhali babu yake amezikwa hapa hapa, hata kaburi lake linalipiwa ushuru. Watu wakacheka. Mimi ilinichoma. Nikamwambia atuambie basi chama kifanye nini. Akasema mpaka umeme ukarudi, na uliporudi nikajitia kutafuta mkanda wa mashine ili amalize.

Tangu hapo ikawa ndiyo desturi yetu. Umeme ukikatika, kikao kimefunguliwa. Anaanza mwenye shida, kiongozi wa chama anasema mwisho, na asiye na la kusema anasaidia kusukuma magunia. Tukaanza na kutembelea nyumba. Wanaokwenda machimboni hawatoki machimboni peke yao, wanaokwenda kwa wafugaji vivyo hivyo, na wakifika hawaombi kura. Wanauliza, wananyamaza, wanasikiliza. Usicheke. Hiyo ya kunyamaza ndiyo iliyotushinda kwa muda mrefu zaidi. Kuna mjumbe wetu mmoja, fundi baiskeli, ambaye ilibidi apewe kikombe cha maji akishikilie kwa mikono miwili ili akumbuke kwamba zamu yake haijafika.

Humo ndimo nilimofahamiana na Seremala na mkewe. Nataka uwajue vizuri, kwa sababu yaliyotokea Jumapili yalianza na wao. Seremala ni kiziwi tangu utotoni. Mkewe, tunayemwita Mama Maziwa, ametoka kwa wafugaji, na mpaka leo anawauzia watu maziwa ya ng'ombe wa kaka zake. Lugha ya mikono alijifunza kwa sababu alimpenda mtu asiyesikia, na hilo analisema mbele ya yeyote bila aibu. Kwenye vikao vyetu anasimama pale mumewe anapomwona, anatafsiri huku na huku. Seremala ana mzaha mkali sana. Akisema jambo, anayeanza kucheka ni mkewe, na sisi wengine tunasubiri amalize kucheka ndipo tujue tumetaniwa nini.

Halafu likaja suala la dampo. Madiwani wa chama chetu wenyewe, sikia vizuri, wa chama chetu wenyewe, walipanga takataka za mji mzima zije kumwagwa nyuma ya machimbo, juu ya kisima. Wazee waliopewa fulana waliitwa wakakubali kwa niaba ya watu wao. Sisi tukakutana hapa gizani kwenye unga, tukakataa. Karakana ikachonga mabango. Watu wa machimboni wakaweka mawe. Wafugaji wakaleta ng'ombe, na asubuhi lori la halmashauri lilipokuja lilikuta barabara nzima inacheua. Dereva akapiga honi mpaka akachoka, akazima gari, akashuka akanunua maziwa. Dampo halijajengwa mpaka leo.

Wewe ulinipigia simu siku ile ile. Ulisema tuliache jambo hilo, tusikiaibishe chama. Nilikujibu kwamba chama ni sisi tuliokuwa barabarani, ukasema ndiyo, ndiyo, mdogo wangu, lakini. Mengine sikuyasikia kwa sababu nilikata.

Ndipo ukatangaza nia ya kugombea huku kwetu. Nilishangaa, lakini nikasema moyoni, ni kaka yangu, ana elimu, anawajua wakubwa, labda akija akakaa nasi atajifunza. Nakuapia nilikuwa tayari kukuunga mkono. Nilimwambia Mama hivyo, na Mama akasema tungoje tuone.

Tukaona viti.

Jumamosi jioni nilifika uwanjani nikamkuta Bwana Itifaki na vijana wake wanapanga viti kwa mafungu. Kila fungu lina bango juu ya mti: WACHIMBAJI, WAFUGAJI, WALEMAVU, AKINA MAMA, VIJANA, na mbele kabisa, WAASISI. Katikati wameacha njia pana, na kamba pande zote mbili. Nikamuuliza, mama ambaye ni mchimbaji na bado ni kijana akae wapi? Akaniambia nisilete siasa. Nikamuuliza watu ambao wamekaa pamoja miaka yote, wamelala barabarani pamoja na ng'ombe, leo anawagawa kwa sababu gani. Akanijibu kwa fahari kwamba mpango umetoka kwako mwenyewe, kwamba mpiga picha atapanda juu ya gari na picha moja ionyeshe jinsi chama kinavyokumbatia jamii zote. Nikakupigia. Ukasema ni suala la picha tu, tusilikuze.

Sasa nikusimulie mkutano wenyewe, maana wewe uliuona kutoka jukwaani, na kutoka juu kule inaelekea mtu haoni vizuri.

Watu walikuja kwa wingi kwa sababu sisi tuliwaomba. Wakafika kwenye kamba, wakaulizwa wao ni nani, wakaelekezwa. Wengine walifanya mzaha. Fundi baiskeli alisema yeye ni mlemavu wa mfuko, akasukumwa kwa vijana. Lakini mzaha uliisha pale Seremala alipopelekwa kwa WALEMAVU na mkewe akapelekwa kwa WAFUGAJI, ng'ambo ya uwanja. Mama Maziwa akaeleza kwamba yeye ndiye masikio ya mumewe. Yule kijana wa kamba akamjibu kwa heshima zote kwamba wataonana mkutano ukiisha.

Ukaanza kusema. Ulisema vizuri, sikunyimi hilo. Ulisema kwamba hakuna atakayeachwa nyuma, na wakati huo huo Seremala ameinua shingo anamtafuta mkewe juu ya vichwa vya watu, haoni kitu. Alivaa shati lake la harusi, kaka. Mama Maziwa akainuka, akapita chini ya kamba, akaenda kwa mumewe. Wakamrudisha. Akainuka tena, wakamrudisha tena. Safari iliyofuata hakwenda mpaka kule. Alisimama kwenye ile njia pana ya mpiga picha, akainua mikono juu, akaanza kumtafsiria mumewe maneno yako kutoka pale.

Kijana wa kamba akamwambia akae, anawaziba walio nyuma. Yule mama wa machimboni, yule wa kaburi la kulipiwa ushuru, alikuwa nyuma yake hasa. Akasema kama tatizo ni kuwaziba walio nyuma, basi walio nyuma wanaweza kusimama. Akasimama. Safu yake ikasimama. Wafugaji wakasimama, karakana ikasimama, na waliosimama wakaanza kuvuka kamba kila mtu akienda kwa watu wake, mke kwa mume, jirani kwa jirani, mpaka mafungu yakachanganyika na mabango yakabaki juu ya viti visivyo na mtu. Hakuna aliyepiga kelele. Walisikiliza mpaka mwisho, kwa sababu ni watu wenye adabu, lakini waliapa kwamba kwenye viti vile hawakai.

Bwana Itifaki akataka kuwaamuru wakae. Wewe ukamzuia. Ukaweka mkono kifuani, ukasema kwenye kipaza sauti waacheni, ukasema heshima hii hutaisahau maisha yako yote, na ukawapungia. Nilikuwa pembeni ya jukwaa. Nilikuonea huruma kidogo, kisha hasira ikanipanda mpaka masikio yakawa ya moto.

Hawakusimama kwa ajili yako, kaka. Walikugomea.

Na Mama pia. Najua ulimwona akiinuka kwenye kiti cha WAASISI, akajikongoja na goti lake mpaka katikati ya watu, na najua ulitokwa na machozi, kwa sababu umeniandikia. Alikwenda kusimama na Mama Maziwa ili kijana wa kamba asimguse tena. Alimwambia yule kijana kwamba alikuwa akifungua mikutano ya chama hiki kabla mama yake hajaota matiti, na akimshika yule mwanamke mkono itabidi amshike na yeye. Kijana akapotelea kwenye umati.

Tulipokuwa tunakusanya viti, Seremala aliniuliza, kupitia kwa mkewe, kama kaka yangu hakuona au alijifanya haoni. Safari hii mkewe hakucheka. Nikamwambia sijui. Ni kweli sijui. Ningependa uniambie siku moja.

Jana asubuhi Bwana Itifaki alikuja hapa mashineni, amevaa suti, akasimama mbali na unga. Alinisifu kwanza, hapo nikajua kuna neno. Akasema wilaya imeamua wewe upite bila kupingwa, Jumamosi watu waje wapige makofi tu warudi makwao. Akasema mimi nitapewa kazi ofisini kwake, kazi ya kuratibu jamii mbalimbali, yenye meza na feni. Kama sitaki, basi nirudishe ufunguo wa ofisi ya tawi na mhuri, maana tabia yangu inawatia watu kiburi.

Nikampa ufunguo. Nikampa mhuri na kibweta chake cha wino, nikamwomba radhi kwamba wino umekauka kidogo. Nikamweleza kwamba ofisi ile haijafanya kikao tangu tuanze kukutana mashineni, hivyo akiingia aingie kwa tahadhari kwa sababu ya popo. Alitoka hapa na mkono wa suti umejaa unga, na sikumwambia.

Hakufika mbali, umeme ukakatika. Foleni ilikuwa imefika barabarani na kila mtu alikuwa amesikia. Na Mama alikuwamo kwenye foleni, na ndoo yake, wa tatu kutoka mlangoni.

Sasa sikiliza, kaka, kwa sababu hili sitaki ulisikie kwa Bwana Itifaki wala kwa mtu mwingine yeyote. Jumamosi hutapita bila kupingwa. Jina langu limependekezwa, wadhamini wametosha, nami nimekubali. Nitasimama dhidi yako. Na aliyenipendekeza ni Mama.

Hakuna aliyemtuma. Alisogeza ndoo yake, akasema ana neno, na kwa kawaida yetu mwenye neno husikilizwa. Akasema wilaya inamtaka mtoto wa mwasisi, na yeye hana ugomvi na hilo, ila mwasisi alikuwa na watoto wawili, aliwazaa yeye na anakumbuka uchungu wa wote. Mmoja anapendeza kwenye picha. Mwingine yuko hapa amejaa unga mpaka kwenye kope. Akasema anakupenda na ukija na njaa atakupikia, lakini kura si chakula, haitolewi kwa sababu mtoto amefika kutoka safari. Seremala, baada ya mkewe kumfasiria, ndiye aliyenyoosha mkono kwanza kumuunga mkono Mama. Mimi nililia, nisikufiche, nikasingizia unga.

Nilifikiri usiku kucha kama nijitoe kwa heshima yako. Wewe ndiye uliyenifundisha kusoma, wewe ulinibeba mgongoni tukivuka mto. Nakupenda kama zamani, na nina hasira na wewe, na sioni kwa nini moja lifukuze lingine. Sijitoi. Tulijenga hiki kitu foleni kwa foleni, nyumba kwa nyumba, na sitakikabidhi kwa mtu anayekuja kukipanga kwa mafungu ili kipigwe picha, hata kama mtu huyo tumenyonya ziwa moja. Usimtume shangazi aje kunibembeleza. Usinipigie simu na ule upole wako. Kama una hoja, njoo nayo mbele ya wanachama, nami nitakuwa na yangu. Huenda ukanishinda. Ukinishinda nitakupongeza, na Jumatatu yake nitakuwa hapa kwenye foleni nakuuliza kuhusu kisima.

Tawi letu, kama ujuavyo, halitumii karatasi kwenye kura hii. Baba aliweka utaratibu wa wagombea kusimama uwanjani na kila mwanachama kwenda kupanga mstari nyuma ya anayemtaka, hadharani, jua likiwaka. Bwana Itifaki ameomba safari hii iwe kwa makofi. Wanachama wamekataa.

Msalimie wifi, mwambie vitenge alivyotuma vimefika na Mama kakataa kunigawia hata kimoja. Wabusu watoto. Majirani wote wanakusalimu, hata wale ambao hawatakupigia kura, nao hawakosi salamu kwa sababu hiyo.

Mama naye amenipa ujumbe, nauandika kama alivyousema. Ijumaa usilale hotelini, chumba chako kimeshafagiwa. Jumamosi asubuhi tutakwenda uwanjani sote watatu kwa miguu, wewe umshike mkono wa kulia na mimi wa kushoto, maana barabara ina mashimo. Tukifika, atauachia mkono wako.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
mgombea mwenzako.